Makufuli Mawili ya Namba Tisa

Ufunguo uliingia ukakataa kuzunguka. Inspekta Eucabeth Ogada aliuchomoa, akausogeza upande wa zile zilizokwisha kushindwa, akajaribu uliofuata. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa mbele ya chumba namba tisa. Miguuni pake, juu ya gazeti, lilikuwepo komeo la mlango lililong'olewa pamoja na misumari yake. Kwenye pete ya komeo hilo makufuli mawili yalikuwa bado yamefungwa: moja kubwa la shaba, jingine dogo la buluu lililochubuka rangi. Polisi waliovunja mlango jana asubuhi walitumia mtaimbo. Hawakuhangaika na funguo, na kwa hilo Ogada aliwashukuru.

"Afande, hizo zote ni za milango yangu," alisema Mzee Bethwel. "Unapoteza wakati."

Alisimama ukutani, mkono mmoja umefungwa pingu kwa mkono wa Konstebo Levis. Ploti ilikuwa yake, vyumba kumi na viwili vya mabati na mawe, nje kidogo ya mji wa Njoro, karibu na chuo. Aliijenga kwa pesa za kustaafu kutoka kiwanda cha mbao huko Elburgon, na watu wote aliokutana nao walilazimika kulisikia hilo.

Wapangaji walikuwa wamejipanga kwenye kamba za nguo, wakianika kitu kimoja kimoja polepole ili wasimalize.

"Landilodi!" mmoja aliita. "Leo umekuja kuchukua renti na bangili?"

Kicheko kilipita kwenye kamba yote. Bethwel alitema mate pembeni.

"Unawasikia? Hao ndio watu. Ukiwajengea, wanakucheka. Ukiwahurumia, wanahama usiku na balbu. Ningejua, ningenunua ng'ombe. Ng'ombe hakuulizi maji yamekatwa kwa nini."

Ogada aliendelea na funguo. Ufunguo uliofuata ulifungua kufuli kubwa.

"Hili ni lako?"

"Langu. Kufuli ya landilodi. Tunapewa kwa semina ya Makokha, yule ejenti wa malandilodi, kila mtu yake. Mpangaji asipolipa, unaweka yako juu ya yake. Akirudi anakuta nyumba imenuna."

"Na hili dogo?"

"La marehemu."

"Ufunguo wake uko wapi?"

"Si umuulize yeye?"

"Mzee, chunga mdomo," alisema Levis.

Marehemu aliitwa Hiram, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na lango la chuo, mtu wa Dundori. Walimkuta amelala nyuma ya mlango huu, jiko la makaa lililozimika likiwa kando yake. Hakuwa na jeraha. Daktari alisema ni hewa ya makaa. Mkuu wa kituo naye alisema mambo ni wazi: landilodi alimfungia mtu ndani akafa, kwa hiyo kesho apelekwe mahakamani kwa kosa la mauaji. Ogada aliomba siku moja ya kuangalia mlango. Alipewa, na ilikuwa hii.

Alitoa mfukoni kufuli la kabati lake la nyumbani, lenye ukubwa sawa na lile la buluu. Alilikagua lile la buluu kwa macho kwanza, lilivyobanwa kwenye pete yake, halafu akaliacha hapo, akaenda kwenye komeo la mlango wa jirani lenye pete ya aina hiyo hiyo. Alifunga kufuli la Bethwel kwenye pete, kisha akajaribu kupitisha lake. Halikupita. Lile kubwa lilikuwa limejaza tundu lote. Akayatoa. Akaanza na lake, kisha akaweka la Bethwel juu. Yote mawili yaliingia, kwa shida.

"Umeona?" alimwambia Levis.

"Dogo lilitangulia."

"Lilitangulia, na lilifungwa kutoka nje. Hiram alikuwa ndani."

Levis aliutazama mlango, kisha upande wa ndani wa mlango. "Mtu hawezi kujifungia kufuli nje akiwa ndani."

"Hawezi. Na nimepekua mifuko yake na chumba mara mbili. Ufunguo haumo."

"Basi mzee alikuta mlango umefungwa na kufuli ya mwenyewe, akajua hakuna mtu."

"Inawezekana."

"Si nilisema!" Bethwel alivuta pingu mpaka Levis akayumba. "Nilifunga nyumba tupu, Jumanne mchana. Nikarudi zangu Elburgon, ng'ombe wanangojea kukamwa. Nilijua Jumatano asubuhi nikipigiwa simu. Andika hivyo!"

"Nimeshaandika. Ulisema jana." Ogada aliingia ndani. Juu ya dirisha, mahali ambapo pangekuwa na tundu za hewa, kulikuwa na viraka viwili vya saruji, bado vya kijivu kibichi. "Hizi nani aliziziba?"

"Mimi. Wanapitishiana waya za stima hapo. Mmoja ananunua tokeni, watatu wanapika. Hiyo tumefundishwa: ziba tundu, utaona bili inashuka."

"Na vyuma vya dirisha?"

"Mimi pia. Wanahama na vioo." Kisha akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu kizuri. "Lakini fundi mzima ashindwe hata kupitia dirishani?"

Vyuma vilikuwa vinene kama kidole gumba. Paka angepita kwa kujadiliana.

Ogada hakumpenda mzee huyu. Kwa sababu hiyo alirudi kwenye ndoo, akalirudia jaribio la makufuli tangu mwanzo. Matokeo yalikuwa yale yale.

Ndipo mtu alipokohoa.

Kikohozi kilitoka namba sita. Mlango wa namba sita ulikuwa na kufuli nje, limefungwa. Ogada aliinua kichwa. Kwenye kamba za nguo hakuna aliyemtazama, na hakuna aliyeendelea kuanika.

Kikohozi kilirudi, safari hii kimezibwa na kitambaa. Ogada alikwenda hadi mlangoni akainama. Chini ya mlango palitoka harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

"Namba sita nani anakaa?"

"Mama Kimberly," alisema Bethwel. "Lakini hayuko. Amesafiri tangu mwisho wa mwezi. Nimekuja mara ngapi, kufuli iko hapo."

Ogada alibisha. "Mama Kimberly, hapa ni polisi. Vitunguu vinaungua."

Sauti ya mwanamke ilijibu, imechoka: "Shantel, nifungulie basi. Wameshajua. Siwezi kukohoa kwa blanketi siku nzima."

Bethwel alifungua mdomo. "Wako ndani! Afande, wako ndani! Siku zote hizi nabisha kufuli!"

"Mzee, unalia nini?" mtu alimjibu kutoka kwenye kamba. "Si ulikuwa unasema nyumba zako hazina watu?"

Walicheka tena, lakini kicheko kiliisha upesi, kwa sababu Ogada hakuwa amecheka. Alikuwa akimtazama msichana aliyesimama mwisho wa kamba, sweta ya chuo imemzidi, mkono mmoja umezama mfukoni.

"Wewe ndiye Shantel?"

"Ndio."

"Namba kumi?"

"Ndio."

"Huyo?" alisema Bethwel. "Huyo ndiye peke yake analipa mapema! Huyo ni mtoto mzuri!"

"Ndiyo maana wanampa yeye," alisema Ogada. "Hakuna anayembishia mlango. Toa mkono mfukoni, Shantel."

Mkononi kulikuwa na kifungu cha funguo ndogo ndogo, kila mmoja umefungwa uzi wa rangi yake. Ogada hakuuliza ni upi. Uzi mmoja ulikuwa wa buluu. Ufunguo wake uliingia kwenye kufuli dogo, likafunguka kwa sauti ndogo ambayo ploti nzima iliisikia.

Shantel aliketi chini, pale pale kwenye maji ya kufulia.

*

Chumbani kwake palikuwa safi. Alikalia kitanda, Ogada alikalia debe la maji ya kunywa.

"Kila mtu hapa anafanya," alisema Shantel. "Ukijua landilodi anakuja, unaambia jirani nifungie. Anakuja, anaona kufuli, anaenda. Jioni unafunguliwa. Imekuwa hivyo hata kabla nikuje."

"Jumanne ulimfungia Hiram."

"Asubuhi. Nikaenda klasi. Niliporudi jioni nikapata ile kubwa juu. Nikabisha. Alikuwa anacheka, afande. Aliniambia, 'Shantel, nimekuwa mali ya landilodi.' Alikuwa amesikia mzee akifunga, akanyamaza tu ndiyo asijulikane."

"Hakupiga kelele?"

"Hiram? Hiram alikuwa anaona aibu kuliko njaa. Alisema pigia Makokha, ejenti, mwambie niko ndani, aje afungue, nitaongea na yeye kiume. Simu yake haikuwa na pesa ya kupiga, akaniambia nitumie yangu."

"Ukapiga."

"Nikapiga. Makokha akashika. Nikamwambia kuna mtu namba tisa, amefungiwa. Akaniambia rudia. Nikarudia. Nikasikia watu wengi wakicheka. Halafu mtu akasema, 'Kama yuko ndani, apitie dirishani.'" Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Wakacheka zaidi. Makokha akasema basi mwambie atulie mpaka asubuhi, mpangaji aliyetulia ni mpangaji mzuri. Akakata."

Ogada aliacha kuandika. "Aliyesema la dirisha ni Makokha?"

"Sijui. Ilikuwa kwa kelele. Nadhani."

"Kwa nini hamkuvunja mlango? Mko watu wengi."

Shantel alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hawakuruka. "Ukivunja mlango unalipa mlango. Na kama hajulikani aliyevunja, tunakatwa wote diposti. Mlango wa mbao ngumu, afande. Kila mtu aliangalia mwenzake. Hiram mwenyewe alisema msivunje. Alisema atapika, atalala, asubuhi tutamcheka. Kulikuwa na baridi. Nilisikia akipepea jiko. Nikalala."

"Jana uliambia polisi hujui chochote."

"Ni mimi nilimfungia. Ningesema, ningekuwa pale na pingu badala ya mzee." Aliinua kichwa. "Na mzee akiwa ndani, nani anamlilia? Mimi sikumlilia. Hakuna mtu hapa alimlilia."

"Nimeona," alisema Ogada. "Niazime simu yako."

Simu ya Jumanne jioni ilikuwepo, kwa jina la Makokha Ejenti. Ilipokewa.

*

Quincy Makokha alifanya semina zake za Jumanne na Alhamisi juu ya duka la mbegu, katikati ya Njoro. Ogada alifika alasiri, akakaa kiti cha nyuma cha plastiki, akasikiliza. Mbele yake walikuwa walimu, wauza maziwa, mhadhiri mmoja na mwanamke wa saluni, watu wenye vyumba vinne hapa na sita pale, wamekopa sacconi na sasa hawapati usingizi.

"Swali?" alisema Makokha. Alivaa suti ya kijivu na viatu vyenye ncha.

"Wanafunzi wakienda likizo, nani analipa?"

"Analipa mwanafunzi. Hataki, toa kitanda chake nje. Mvua itamwita nyumbani."

Walicheka.

"Choo kikijaa?"

"Kimejazwa na nani, na wewe? Wachange."

"Na mama mwenye mtoto mchanga? Mimi naona huruma."

"Mathe, ukitaka huruma fungua kanisa. Hapa tunafungua nyumba." Makokha alitembea mbele ya viti, mikono nyuma. "Mpangaji ni kama maji. Anatafuta ufa. Kazi yako ni saruji."

Watu waliandika. Ogada alingoja waandike, kisha akainua mkono.

"Ndio, mama pale nyuma. Una vyumba vingapi?"

"Nina kimoja. Namba tisa, kwa Mzee Bethwel."

Kalamu zilisimama. Makokha alimtazama viatu, kisha uso, kisha akavuta tabasamu lingine kutoka mahali anapoyaweka.

"Afande. Tunasikitika sana. Tulikuwa tumepanga kumwombea."

"Kuna amri ya mahakama ya kumfungia Hiram nyumba?"

"Mimi ni mshauri. Sifungi nyumba. Mzee Bethwel alifunga mwenyewe."

"Kwa kufuli uliyompa."

"Muuza kisu si muuaji."

"Funguo za akiba za makufuli haya unaweka wapi?"

Watu wote katika chumba walijua, na wawili watatu walitazama kabati la chuma nyuma yake.

"Kwa usalama tu," alisema Makokha.

"Kwa hiyo Jumanne jioni, kama mtu angekuambia kuna binadamu ndani, ungeweza kwenda kumfungulia. Kutoka hapa mpaka kwa Bethwel ni mwendo wa boda."

"Ningeenda mbio, afande. Lakini nani aliniambia? Mimi nilisikia Jumatano kama kila mtu."

"Mpangaji anasema alikupigia."

"Wapangaji!" Aliwageukia watu wake, mikono wazi. "Mnaona? Hata wakifa wanakusingizia. Jumanne nilikuwa hapa nafundisha. Nikiwa kazini sishiki simu."

"Lakini hiyo ulishika, Makokha."

Alikuwa yule mwanamke wa saluni, Sue, katika safu ya pili. Aliisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake miwani iko kichwani. "Ile ya msichana. Si uliweka kwa spika tusikie vile wapangaji wanadanganya? Tulicheka…"

Hakumaliza. Ogada aliuona uso wake ukifika mahali ambapo maneno yake yalikuwa yamekwisha kufika.

"Ni huyo?" aliuliza Sue. "Ni huyo aliyekuwa ndani?"

Mhadhiri aliifunika kalamu yake.

"Ulituambia ni mchezo," alisema Sue. "Ulisema wanatumia hiyo ujanja kila ploti."

"Sue, kaa chini."

"Nimekaa."

Ogada alitoka nyuma akasimama kati ya viti. "Katika simu hiyo mtu alisema, kama yuko ndani, apitie dirishani. Ni wewe, Bwana Makokha?"

"Hapana!" Kwa mara ya kwanza mtu huyu alisema jambo haraka bila kulipamba. "Hilo si mimi. Waulize. Hilo la dirisha si mimi!"

"Si yeye," alisema Sue. Alikuwa akikitazama kiti kilichokuwa kitupu safu ya mbele. "Ni mwenye nyumba. Mzee Bethwel. Alikuwa amekaa hapo. Alisema hivyo, halafu akasema ngojeni niwaambie vile hivyo vyuma viko. Alicheka mpaka akatoa kitambaa."

Chini barabarani lori la mbao lilipiga honi. Muuza maziwa aliyekuwa karibu na mlango aliinuka kimya, mkoba kwapani.

"Kaa, mzee," alisema Ogada bila kugeuka. "Nyote kaeni. Levis anakuja na karatasi. Bwana Makokha, simu yako na ufunguo wa kabati, weka hapa."

"Tutamaliza leo?" aliuliza mhadhiri. "Nina klasi asubuhi."

"Leo tutaanza."

Waliandikisha mpaka mwanga ukaanza kupungua dirishani, na walifika nusu tu. Kila mmoja alitaka kuandikwa kwamba yeye alicheka kidogo. Mmoja aliomba iandikwe kwamba alitabasamu.

Kituoni, Bethwel alisikia hatua zake akaja kwenye vyuma vya mlango wa mahabusu. Alikuwa amechangamka. Levis alikuwa amemwambia kwamba Shantel amekiri kumfungia Hiram, jambo ambalo Ogada angependa lisingesemwa.

"Afande! Kumbe ni yule msichana alimfungia. Nilikuambia nyumba ilikuwa tupu kwa macho yangu. Sasa kesho naenda nyumbani? Ng'ombe wananingojea."

"Kesho huendi mahakamani kwa kosa la mauaji. Nimemwambia mkuu faili haijakamilika."

"Mungu akubariki. Mimi nilijua mtu anayejaribu kufuli mara mbili ni mtu wa haki." Alijikunyata, akapuliza vidole. "Lakini hapa ni baridi, afande. Hakuna hata jiko?"

Ogada alimwagiza konstebo wa zamu atafute blanketi, lililo kavu, ampe mzee.

"Asante. Unaona? Si kila mtu ni kama wale wa ploti."

"Kesho asubuhi nitakuja na kitabu," alisema Ogada. "Tutaanza upya kutoka Jumanne mchana. Utaniambia ulikwenda wapi baada ya kufunga."

"Si nilisema? Elburgon. Kukama."

"Ulisema. Mimi nitakuletea kiti cha plastiki kutoka juu ya duka la mbegu. Utakaa juu yake, safu ya mbele, halafu utaniambia tena."

Blanketi lilifika. Bethwel hakulipokea. Alikuwa amevishika vyuma kwa mikono miwili, kama mtu anayepima unene wake.